Nundu ya Tano

Siku hiyo, mwanangu, naikumbuka kwa kidole hiki hapa. Weka simu chini kwanza, usije ukasema hukusikia.

Nilikuwa fundi kijana Singida mjini, mjuaji kupindukia. Mama Salome wa Mgori akaniletea pikapu yake, bloku ya injini imepasuka. Ndilo gari pekee lililobeba wagonjwa wa kijiji chao. Nikapata injini nyingine ya aina ileile, nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Gari likaondoka, nami nikatembea kifua mbele.

Baada ya siku chache likarudi linagonga tak-tak-tak, mlima halipandi. Nikasingizia dizeli. Nikabadilisha nozeli zinazonyunyizia dizeli, nikafungua pampu, wapi! Mama Salome akaja akasimama mlangoni mwa gereji.

"Mwanangu, mkwe wangu siku zake zimefika. Mtoto wa kwanza alimzalia njiani, akafa. Hili gari litapona lini?"

Nikajibu kesho, wala hiyo kesho sikuijua.

Ikabidi nimfuate Mzee Ntandu, fundi aliyenifundisha kazi, ambaye macho yalishamwishia, haoni tena. Nikamwamkia shikamoo, nikamshika mkono hadi kwenye gari. Akaegemeza bisibisi kwenye injini inayounguruma, mpini sikioni, akasikiliza.

"Zima. Ni kemshafti. Nundu ya tano imelika."

Kemshafti, mwanangu, ni ule mhimili wenye nundu, kama za ng'ombe wetu, zinazoinua tapeti, vile vikombe vidogo vya chuma, ili valvu, yaani milango ya hewa, zifunguke. Uko ndani kabisa, hauonekani. Nikajisemea, mzee amechoka huyu. Nikafungua kifuniko cha juu, nikazungusha injini taratibu kwa spana. Akachukua kidole changu, akakiweka kwenye vijiti vya valvu, kimoja baada ya kingine. Vinne vilipanda vizuri. Cha tano kilitikisika tu. Tulipochomoa kemshafti, nundu ya tano ilikuwa bapa. Jamani! Mpaka leo nikisimulia mwili unanisisimka.

"Tapeti ulipozitoa, uliziweka wapi?"

"Kwenye beseni, Mzee. Zote pamoja."

"Kila tapeti imesuguana na nundu yake miaka na miaka, zimezoeana. Wewe umezichanganya kama maharage!"

Akaagiza bao kutoka kijiweni. Mstari mmoja mashimo manane, na tapeti zetu nane. Ile injini ya zamani ya pikapu, iliyobaki gerejini, ilikuwa imepasuka bloku tu, kemshafti yake nzima. Tukaitoa pamoja na tapeti zake, kila moja kwenye shimo lake, kisha tukazifunga kwa mpangilio uleule. Gari likawaka, likatulia.

"Sasa kamwambie mama ukweli," akasema Mzee.

Nikamwambia haikuwa dizeli, ni mimi. Akachukua ufunguo, akapanda garini, akaondoka. Siku ya tatu gari hilo likamfikisha mkwe wake hospitali, akajifungua, mtoto akilia kwa nguvu zote.

Ndiyo maana gerejini kwangu kuna bao lisilochezwa. Mwanangu, unachokitoa kipange kama ulivyokikuta. Sikiliza kabla hujashika spana. Na ukiharibu, sema mapema, kwa sababu kuna mtu anasubiri hilo gari. Mungu akupe sikio la Mzee Ntandu, akupe kidole kinachohisi kisichoonekana, na ulimi usioogopa kusema "ni mimi."