Nambozo Kati ya Ngome na Mlima

Ukitaka kugombana na Nambozo, mwonee huruma. Mwambie pole kwa ajili ya ule mkono wake, utaona. Mkono wa kulia una vidole vitatu. Viwili vilibaki Mogadishu, na yeye husema viko likizo ndefu. Alipostaafu jeshini alipanga chumba Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja, kwa sababu kwao Mbale kila shangazi alitaka kumshika mashavu na kulia. Mafubira walimwita Afande, wakamwogopa kidogo, na hilo lilimfaa sana.

Daktari wa viungo alimshauri atafute kazi ndogo ya kuvichezesha vidole vilivyosalia. Asuke mikeka, au atunge shanga. Nambozo aliitazama mikeka, akaona kwamba itammaliza pale risasi ziliposhindwa. Badala yake akaingia chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Hajati Shifa, chumba chenye runinga nne na mashine za gemu, ambamo vijana wa Kiislamu wa mjini na askari magereza waliokuwa mapumzikoni walikaa bega kwa bega wakiwaua mazimwi. Hajati aliutazama ule mkono, akafumbua kinywa.

"Usiniambie pole," Nambozo akamkatiza.

"Nilitaka kukwambia vua viatu," Hajati akajibu. "Hapa ndani tunasali."

Wakapatana tangu siku ile.

Alijifunza kushika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, kwa namna yake: aliiegemeza gotini, mkono wa kushoto ukafanya kazi ya mikono miwili, na vile vidole vitatu vikasaidia. Mwanzoni walimcheka. Mwezi haukwisha, wakawa wanamwomba awapitishe penye hatua ngumu za mchezo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mwanamke huyu hata koleo lake halikuvunjika, lilipungua tu.

Gemu yake ilikuwa na jina refu la Kiingereza kwenye kasha, lakini pale kwa Hajati waliiita Ngome. Wewe ni shujaa uliyetabiriwa. Unapanda farasi, unapita vijiji na misitu, unakusanya panga na dawa, mpaka ufike kwenye ngome ya mfalme mchawi umtoe roho. Dunia yote inakungoja wewe. Muuza mikate utamkuta palepale, na neno lilelile, hata ukimkimbia mwezi mzima. Na uzuri wake mkubwa ni huu: mwenzako akiuawa, unarudi pale ulipohifadhi mchezo, naye unamkuta mzima, anajikuna kichwa kana kwamba hakuna lililotokea.

Mchezaji hupewa mwenzi mmoja wa safari na kuambiwa amchagulie jina. Nambozo aliandika Ojok.

Ojok wa kweli alikuwa mtu wa kaskazini. Alizaliwa vita vikiwa mlangoni, akalelewa katika kambi ya wakimbizi, kisha wakubwa wakampeleka kufia vita vya watu wengine. Aliimba vibaya na hakuacha kuimba. Kambi yao ya jeshi huko Mogadishu iliposhambuliwa, yeye na Nambozo walikuwa chumba cha mawasiliano. Ojok aliuegemea mlango kwa mgongo, akamwambia Nambozo apite dirishani. Nambozo akapita. Mwenzake hakupita. Hiyo ndiyo hadithi yote, na anayetaka zaidi ya hapo Nambozo humwonyesha mlango mwingine.

Sasa sikia ubaya wa Ngome. Karibu na mwisho kuna lango la chuma, na halifunguki mpaka mtu abaki ndani ameshikilia mtaimbo wake. Mwenzi wako hubaki. Wewe unavuka. Njia nyingine hakuna. Nambozo alipofika hapo na kusoma maagizo alishikwa na hasira, akauliza huyo aliyetunga gemu alimjulia wapi Ojok. Kisha akageuza farasi.

Tangu hapo hakulikaribia tena. Alizunguka porini akiwinda, akivua samaki, akisaidia wanavijiji, na Ojok nyuma yake juu ya punda mwekundu. Ojok akiuawa na fisi, Nambozo alirudi alipohifadhi. Akizama mtoni, alirudi. Miaka ikapita, Ojok hajambo.

"Afande, hii gemu yako haina mwisho?" walimtania.

"Ya kwenu ina mwisho. Yangu mimi nimeinyima."

Padri alisikia habari hizo, akamwambia aachilie. Mshauri wa wastaafu naye akamwambia aachilie. Hata wifi yake wa Mbale alipiga simu kumwambia aachilie. Nambozo alilichukia neno hilo kuliko jina la adui. Wao hawakuwa wameshika kitu. Iweje wamfundishe mwenye mzigo namna ya kuutua?

Kwa Hajati palikuwa na desturi. Ijumaa Waislamu walipokwenda msikitini, Wakristo waliwashikia pedi zao. Jumapili ilikuwa zamu ya Waislamu kuwashikia wa kanisani. Na kama ilivyo kwa sahani ya jirani, ambayo hairudishwi tupu, aliyeshika gemu ya mwenziwe alipaswa kuirudisha na kitu juu yake: upanga mpya, ngozi ya chui, dawa chupa mbili tatu. Ilikuwa desturi nzuri. Mimi sina neno nayo, ingawa ndiyo iliyoleta balaa.

Jumapili moja Nambozo alirudi kutoka kanisani akakuta chumba kizima kimesimama kinampigia makofi. Katikati alikuwa Sulait, muuza spea za pikipiki, mtu wa moyo mweupe ambaye Nambozo alimpenda kuliko wote pale, uso unamwaka kwa furaha.

"Afande! Leo sahani yako imejaa mpaka inamwagika," Sulait akasema. "Ile mlango ilikuwa inakusumbua miaka yote. Mimi nimevuka! Mfalme mchawi nimemchinja. Wewe umeshinda, Afande!"

Nambozo aliitazama runinga. Palikuwa na jua, bendera, na watu wanaocheza ngoma.

"Ojok yuko wapi?"

"Nani?"

"Ojok. Mwenye punda."

"Aa, yule." Sulait bado alikuwa anacheka. "Yule nilimwacha, alishika mlango. Si lazima mtu mmoja ashike?"

"Rudisha."

Hapo kicheko cha Sulait kikaanza kufifia. Kwa Hajati kila mteja alikuwa na nafasi moja tu ya kuhifadhi, maana mashine zilikuwa kuukuu na watu wengi. "Afande, nimehifadhi juu ya ile ya zamani," akasema polepole. "Nilijua utafurahi."

Nambozo alimwaga Kiswahili cha kambini ambacho hakiandikiki. Hajati Shifa akaziba masikio, kisha akamfuata mpaka barabarani akimwita, lakini Afande hakugeuka. Alilia njiani, na aliona aibu ya kulia, na hasira juu ya aibu. Ojok alikuwa amekufa mara ya pili, na mara ya pili yeye alikuwa nje.

Kesho yake alikwenda Mbale kwa kaka yake, Masaba, fundi wa mashine za kusaga katika eneo la viwanda. Masaba naye alikuwa mgonjwa wa gemu, ila alicheza ile ambayo watu wa Mbale waliiita Mlima, wakajivunia kana kwamba imetungwa kwao kwa sababu tu ina mlima wenye mawingu. Kaka na dada walizungumza Kilumasaba, lugha ya kwao, kwa amani. Nambozo akikasirika ndipo alipohamia Kiswahili, lugha ambayo kwake haina kaka mkubwa.

"Gemu yenu ya Jinja ni ya kubembeleza watoto," Masaba alimwambia, mara tu aliposikia yaliyotokea. "Mtu anakufa, unabonyeza, anaamka! Maji yakimwagika hayazoleki, dada."

"Kule Ngome yanazoleka," Nambozo akafoka. "Nimezoa maji mimi, miaka. Wewe kaa na mlima yako. Ukweli mimi nililipa na vidole. Sinunui tena!"

"Cheza kwanza, ndipo utukane."

Akacheza, ili apate kutukana vizuri. Na matusi alikuwa nayo ya kutosha. Mlima hauna shujaa aliyetabiriwa. Kuna kundi la wasafiri wenye njaa. Hauna farasi. Viatu vinachakaa. Muuza mikate usipomrudia mapema, unakuta duka limefungwa na mjane wake anakwambia hakujui. Hakuna kurudi nyuma: kila hatua inajihifadhi yenyewe, na anayekufa amekufa, kaburi lake linabaki kwenye ramani. Ngome ina nyimbo nzuri. Mlima una upepo tu. Nambozo alimwambia kaka yake kwamba mtu aliyetunga kitu hiki hakupendwa na mama yake.

Masaba akacheka. "Lakini hujaacha kucheza."

Kweli hakuwa ameacha. Alikuwa amejipa jina lake mwenyewe, Nambozo, na wenzake wa safari akawaacha na majina waliyokuja nayo, maana hakutaka kumleta mtu anayemjua mahali pale. Siku ya tatu alikosea njia kwenye theluji. Nambozo wa kwenye runinga alipiga magoti, akaanguka, asiinuke.

Akaweka pedi chini, akangoja kioo kiwe cheusi. Kwa Ngome, shujaa akifa dunia inazimika. Hapa haikuzimika. Mwenzake, msichana mrefu mwenye koti la manyoya, alikuja akamfunika kwa mawe, akachukua mfuko wake wa chakula, akajitwisha, akaendelea kupanda. Pedi ikatikisika kidogo pale chini: sasa wewe ni huyu, twende.

Nambozo hakuiokota pedi, na Masaba akaingiwa na wasiwasi.

"Umeudhika?"

"Hapana," akasema, na haikuwa hapana ya hasira. Alikuwa anaona wivu. Aliyaonea wivu yale mawe na ile theluji, kwa sababu yule aliyelala chini alikuwa yeye, na mwenzake alikuwa anatembea. Kwa miaka yote ile hakuna padri wala mshauri aliyekuwa amemwambia kwamba hicho ndicho alichokuwa anakitaka. Asingewaambia. Wangempa kidonge.

"Gemu yako ni mbaya, kaka," akamwambia Masaba kwa Kilumasaba. "Ngome inaishinda kwa kila kitu. Ila ina jambo moja ambalo Ngome haina, nami nakwenda kuliiba."

Aliporudi Mafubira na kuingia kwa Hajati, Sulait alisimama haraka benchini. Alikuwa amekonda.

"Afande, mimi nilikosa. Hajati amenieleza huyo Ojok alikuwa nani. Sikujua."

"Ulinipa sahani imejaa," Nambozo akamjibu. "Mimi ndiye sikukwambia ni chakula gani sili. Kaa."

Alifuta ushindi wake, bendera na ngoma na vyote, akaanza Ngome upya kutoka kijiji cha kwanza. Gemu ikauliza jina la shujaa. Akaandika Ojok. Ikauliza jina la mwenzi wa safari. Akaandika Nambozo. Hajati Shifa, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alisoma majina hayo mara mbili, akarudi dukani.

Alicheza masika yote. Hakuvua samaki safari hii, hakuzurura. Ojok alitangulia juu ya farasi na Nambozo akafuata juu ya punda mwekundu, na waliokuwa wakimwona walisema Afande anakimbilia jambo. Jumapili hakumpa mtu pedi. Aliizima mashine akaenda kusali. Alasiri moja, chumba kikiwa kimejaa, walifika kwenye lango la chuma.

Wenzake waliacha michezo yao. Hata askari magereza mmoja aliyekuwa karibu kumuua zimwi wake alimwacha zimwi asimame.

Maagizo yakatokea: mmoja abaki. Nambozo wa kwenye runinga alishuka kwenye punda, akaushika mtaimbo, akauegemea kwa mgongo.

"Afande," Sulait akanong'ona, "huyo ni wewe."

"Najua."

"Utakufa."

"Siku ile hakuniuliza, akachagua peke yake," Nambozo akasema, kidole chake kikiwa juu ya kitufe. "Leo nachagua mimi."

Akabonyeza. Ojok akavuka. Lango likajibamiza nyuma yake na upande wa pili kulikuwa na majani marefu na asubuhi. Machozi yalimtoka Nambozo waziwazi mbele ya watu wote na hakuyapangusa, wala hakuna aliyethubutu kumwambia pole. Alihifadhi, mwenyewe, kwa mkono wake wa vidole vitatu.

Mbele ilionekana ngome ya mfalme mchawi, na nyimbo za vita zikaanza.

"Sasa umalizie, Afande," mmoja akasema. "Mchawi ni yule pale."

Nambozo akageuza farasi. Akaipa ngome mgongo, akamwelekeza Ojok kaskazini, kwenye majani matupu ambapo hapajaandikwa kijiji wala adui.

"Huko hakuna kitu," Sulait akamwambia. "Ramani inaisha."

"Vita alipigana vya kutosha," Nambozo akasema. "Mwache aende kwao."