Yai Lililogongwa Hadi Torino

Ufunguo wa paa ulining'inia shingoni mwa Veturia Mânzatu, kwenye uzi mmoja na msalaba wake, na wakazi wa jengo lile la mji wa Galați, kando ya Mto Danube, walikubaliana kwamba kati ya viwili hivyo, msalaba ndio rahisi kuazima.

Alikuwa msimamizi wa jengo. Alijua nani hajalipa maji, nani anafuga mbwa kwa siri na nani amerudiana na mkewe. Lakini ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye kituo cha simu, mbele ya ubao wenye matundu kama sega la asali, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale. Enzi hizo ukitaka kuzungumza na ndugu yako wa ng'ambo uliomba asubuhi, ukaoga, ukavaa shati la kanisani, ukakaa kando ya simu hadi jioni. Hatimaye ikaja sauti ya Veturia: "Torino iko hewani. Ongeeni." Dakika zikiisha alichomoa, kwa sababu huruma haikuwemo kwenye mshahara. Watu wangapi walibaki na neno la mapenzi limekatika nusu mdomoni, Mungu ndiye anajua.

Kwa hiyo Doru, fundi wa kuchomelea vyuma wa ghorofa ya kwanza, alipokuja kuomba ufunguo apitishe waya wa intaneti juu ya paa, Veturia alimwuliza swali moja tu.

"Katikati anakaa nani?"

"Katikati ya nini, shangazi?"

"Ya huo waya. Mimi nimekaa katikati, najua. Kila waya una mtu katikati, na kila mtu ana masikio."

"Hakuna mtu. Ni mashine zinapokezana tu maneno."

"Basi kaziombe hizo mashine zikupe ufunguo."

Mambo yalikuwa hivyo miaka ile. Intaneti haikuletwa mtaani na serikali wala na tajiri mwenye tai. Ililetwa na kina Doru. Walichanga, wakanunua laini moja, wakaigawana kama mkate, kisha wakaburuta waya kutoka jengo hadi jengo, juu ya mapaa, ndani ya matawi ya miti ya mipopla, mpaka anga la mtaa likafanana na wavu uliofumwa na mlevi. Maji ya moto yalikuja kwa bahati, lakini filamu nzima ilishuka kwenye kompyuta kabla kahawa haijachemka.

Veturia alishikilia ufunguo wake majira mawili ya baridi. Aliyemlegeza ni mumewe.

Anghel alikuwa mstaafu wa tanuru la chuma na mvuvi wa Mto Danube, mtu aliyewahi kumtukana samaki hadi akanasa, kwa maelezo yake mwenyewe. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alimkataza ngazi, nao walikaa ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Tangu vuli hajakanyaga udongo. Binti yao wa pekee, Smaranda, alikuwa Torino akimtunza mzee wa Kiitaliano, na mzee wa kutunzwa hana likizo.

Sasa, kwao Waorthodoksi, siku ya Pasaka watu hugonganisha mayai mekundu, na inajulikana kwamba waliogonganisha mayai hapa duniani watatafutana na kuonana huko ahera. Smaranda alikuwa amekosa Pasaka kadhaa. Anghel hakuogopa kufa, aliogopa kupotezana.

"Huko ni kukubwa," alimwambia mkewe. "Nitamwulizia kwa nani? Wewe mwenyewe hutakuwepo kwenye simu."

Ndipo Smaranda alipopiga simu: mjukuu wa yule mzee ana kompyuta yenye kamera. Jumapili ya Pasaka, saa sita mchana, mzee akilala, atakaa mbele yake kwa muda huo wa usingizi. Wao watafute namna.

Veturia alivua ule uzi shingoni, akashuka kwa Doru bila hata kuchana nywele. Kufikia Alhamisi Kuu waya mpya mweusi ulikuwa umevuka kutoka jengo la pili, ukapita mbele ya roshani yake na kuingia ndani, kwenye kompyuta ambayo Doru aliiunga kwa viungo vya kompyuta tatu marehemu.

Jumamosi ikafika, na Pasaka haiingii kwenye nyumba yenye vumbi. Uani, kwenye chuma cha kupigia mazulia, kulikuwa na foleni ndefu. Veturia akatokea roshani na zulia lake la sufu, urithi wa mama yake, limeloa maji. Akauona ule waya: umekazwa vizuri, msafi, haujaanikwa hata soksi. Uvivu wa namna ile ulimkera. Akaanika zulia.

Waya ulilia mara moja, ukakatika. Zulia lilishuka ghorofa nne na kulala juu ya gari la mtu. Madirisha yakafunguka kote, vichwa nje, kila mmoja akiuliza nani kamkatia intaneti. Doru alitokea uani akiwa na fulana, akatazama juu.

"Shangazi, waya huo ulikuwa umebeba majengo matatu."

"Mbona haukubeba zulia?"

Ulikuwa mzaha wa mdomoni tu. Aliingia ndani, akamkuta Anghel ameketi anayapaka mayai mafuta yang'ae, moja ameliweka pembeni, la kugonganisha na Smaranda. Veturia alikosa pa kuyaweka macho.

Asubuhi ya Pasaka shida ikawa hii: msimamizi wa jengo la pili alikuwa amekwenda kijijini kwao na ufunguo wa paa lake. Wasimamizi ni kabila moja. Ilibidi waya urushwe kutoka roshani hadi roshani. Doru alifunga kiazi kwenye kamba akakirusha. Kiazi kikagonga dirisha la ghorofa ya pili na kurudi na matusi.

"Lete ufito wangu," Anghel akasema.

Walimkalisha kitini mlangoni mwa roshani na blanketi magotini. Doru alishika ufito wa kuvulia, akatupa mshipi, chubwi, kile kizito cha ncha yake, ikaangukia mpopla.

"Unavua au unafukuza nzi?" Anghel alimwuliza.

"Baba mkwe wangu hajawahi kunilalamikia."

"Huna baba mkwe. Na kwa mkono huo humpati. Usitumie bega, kijana. Kiganja. Uache mshipi uende wenyewe, wewe uonyeshe njia tu."

Chubwi ikapaa kwa sauti nyembamba juu ya ua, na mjane Profira wa upande wa pili akainasa kwa ufagio. Doru alifunga waya kwenye mshipi, Profira akavuta, na Veturia, aliyekuwa hajawahi kushika hata sindano siku ya Pasaka, kwani kazi siku hiyo ni dhambi, akauachia waya upite taratibu viganjani, akiwa na gauni lake la kanisani.

"Dhambi hii ni yako au yangu?" Doru aliuliza.

"Nitaungama kesho. Funga."

Saa sita ilikuwa imepita. Kioo kilikuwa cheusi. Kisha kikatoa vipande, vya kahawia, vya samawati, kama mtu anayeshonwa kwa viraka. Viraka vikasogeleana, na katikati yake Smaranda akainua uso. Alikuwa amekata nywele.

"Baba," alisema, na mdomo wake ukacheza nyuma ya sauti. "Mzee ameniuliza kwa nini nachemsha mayai, eti kwao Wakatoliki Pasaka ilikuwa wiki iliyopita."

"Mwambie sisi tunasubiri iliyo bora," alisema Anghel.

Veturia alisimama nyuma ya kiti. Alikuwa akisubiri mbofyo, ile pumzi ndogo ya mtu wa tatu kwenye laini, pumzi aliyokuwa yeye ujana wake wote. Hakuisikia. Bahari ya milima na mipaka ilikuwa kati yao na yule mtoto, na ndani yake hakuna mwanamke mwenye saa. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kristo amefufuka," Anghel alisema, akapeleka yai lake kwenye kioo.

"Kweli amefufuka." Yai la Smaranda likaja, likawa kubwa, likajaza kioo chote kwa wekundu. Likasikika tiki moja, ndogo, upande huu. Anghel akatazama ncha ya yai lake. Lilikuwa na ufa.

"Umenishinda," alisema. "Hili sasa ni lako." Akaliweka juu ya kompyuta.

Mzee wa Torino aliita. Smaranda aliinuka, akasema anarudi, akaondoka.

"Nikate?" aliuliza Doru kwa sauti ya chini.

Veturia, opereta wa zamani, aliweka mkono wake juu ya plagi, akaufunika. "Acha."

Kwa hiyo waliketi watatu, wakatazama kiti kitupu cha Torino. Nyuma yake palikuwa na dirisha, na upepo wa huko ulikuwa unapuliza pazia, taratibu, sasa hivi.