Hujatimiza Masharti, Omba Tena

Damaris hakuwa mtu wa kelele. Kwa miaka mitatu alikuwa akitandika vitanda kumi na sita kila siku katika hoteli moja ya Doha, na wageni walipomwachia taulo zilizolowa rangi ya nywele, alizikusanya akanyamaza. Ndiyo maana wenzake wa chumbani, kule mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, walishangaa mwaka ule wa 2016 kumsikia akiitukana simu.

Benki ilikuwa imemletea ujumbe: ombi lako la akaunti ya mwanafunzi limekataliwa, hujatimiza masharti, unaweza kuomba tena baada ya siku kumi na nne. Basi. Masharti yapi, hawakusema.

Na masharti aliyajua kama Baba Yetu. Kitambulisho cha ukaazi, barua ya chuo, barua ya mwajiri kwamba ameridhia. Vyote alivipeleka. Chuo kilikuwa kimempokea kusoma uhasibu wa hoteli jioni, tena kikaahidi kumlipia nusu ya karo, ila fedha hiyo ingepitia akaunti ya mwanafunzi yenye jina lake mwenyewe kabla ya tarehe kumi na tano Septemba. Ikipita hapo, nafasi anapewa mwingine. Kadi aliyopewa na hoteli haikufaa, ilikuwa ya kutolea mshahara tu.

Akajilaumu mwenyewe, maana ndivyo wanyonge tulivyozoezwa. Labda muhuri wa mwajiri ulififia. Akazungushwa ofisini siku tisa, njoo kesho, njoo kesho kutwa, hadi akapata barua mpya yenye muhuri unaosomeka hata na kipofu. Akaipeleka benki. Tarehe mbili Septemba wakamkataa tena kwa maneno yaleyale, hata nukta hawakubadilisha.

Kesho yake, siku yake ya mapumziko, akaenda kuwauliza uso kwa uso. Karani akatazama kompyuta, akatabasamu, akasema sababu hazionyeshwi. Tabasamu lile lilimchoma kuliko jibu. Alipotoka, mlinzi wa mlangoni, Githinji, Mkenya mwenzake, akamsemesha huku macho yake yako barabarani.

"Sister, hiyo laini yako ya simu iko na jina lako?"

Haikuwa na jina lake. Watu wa kwetu huku hukaribishana hivyo: anayerudi nyumbani humwachia mgeni laini yake, ikiwa na namba za mwenye teksi, fundi na muuza unga wa ugali. Damaris aliachiwa yake na Olivia, Mganda aliyerudi Mbale, na alipoipokea alimkumbatia kwa shukrani. Kumbe Olivia alikuwa na akaunti benki hiyohiyo, na namba hiyo ilikuwa bado ipo kwenye faili la Olivia. Kompyuta ikikuta namba moja kwa watu wawili, inamkataa wa pili.

"Nimeona watu sita wakirudishwa hivyo," Githinji akasema.

"Na mara mbili umenifungulia mlango, ukanyamaza!"

"Mimi nalipwa kufungua mlango. Mwenye alikuwa hapa kabla yangu aliongea na makastoma, kampuni ikampeleka kulinda site ya ujenzi, juani huko Al Thumama. Niko na watoto, sister."

Hasira yake kwa Githinji Damaris akaimeza, haikuwa na mahali pa kukaa. Akanunua laini kwa kitambulisho chake mchana uleule, akarudi kwa karani. "Namba hii hapa, ni yangu. Rekebisha."

Karani akasema mfumo haupokei ombi kabla ya tarehe kumi na sita.

"Chuo kinafunga kumi na tano! Basi nipe barua kwamba kosa lilikuwa namba ya simu tu, niwaombe wanisubiri."

Benki haiwaandikii barua waliokataliwa, akajibiwa.

Chuo nacho hakikumsubiri. Tarehe kumi na sita aliomba kwa ukaidi tu, na safari hii jibu lilikuja kabla ya adhuhuri: hongera, njoo uchukue kadi yako. Akaenda na sare yake ya kazi. Karani akampa mkono, akaomba barua ya chuo ya wiki hiyo, kwa kuwa akaunti hii ni ya wanafunzi pekee.

"Nilikuwa mwanafunzi siku zote mlizonikataa," Damaris akasema, na foleni nzima ikageuka. "Mmengoja nisiwe mwanafunzi ndipo mkanikubali."

Karani akashusha macho. Akasema taratibu kwamba, kama ni hivyo, itabidi akaunti ifungwe.

"Funga. Lakini leo sababu utaiandika, na mimi sitoki hapa mpaka niione."

Akavuta kiti, akaketi.