Matunda ya Baba ya Kuzuia Kutu

Nilikuwa sokoni Baraka, nikinunua ndagala, vile visamaki vya ziwani, mdogo wangu Willy aliponipigia simu kutoka nyumbani Fizi.

"Dada Nadège, baba ametutoka. Alikuwa anafunga munyororo wa baiskeli, akakaa chini, basi."

Nikamwomba Mungu papo hapo, mkono wangu ukiwa bado ndani ya ndagala. Muuzaji akaniongezea kipimo kimoja bure, akasema pole.

Baba yetu, Bonaventure, alitengeneza baiskeli miaka thelathini. Adui yake mkubwa duniani, baada ya Shetani, alikuwa kutu. Ndiyo maana mtaalamu mmoja wa kilimo alipowaambia wakulima kwamba matunda meusi yana antioksidanti, yaani vitu vya mmea vinavyosaidia mwili usiharibike kama chuma kinavyoliwa na kutu, baba alirudi nyumbani kama mtu aliyebatizwa mara ya pili. Mtaalamu aliongeza kwamba kila aina ina kiasi chake. Maneno hayo ndiyo yaliyotuharibia ua wa nyumba.

Baba alipanda aina tatu za matunda ya miiba: nyekundu ya bondeni, nyeusi ya milima ya juu, na moja ya rangi ya divai aliyopewa na jirani yetu Ndabaneze, mkimbizi kutoka Burundi. Ili ajue ipi ni bora, alitumbukiza misumari katika makopo matatu ya maji ya matunda. Yote ikaliwa na kutu.

"Musumari haina damu," akasema. "Haiwezi kutoa ushuhuda."

Akahamia kwenye ulimi wake mwenyewe. Kila asubuhi alikula bakuli la aina moja, akajitazama katika kioo cha pikipiki, akaandika rangi imedumu saa ngapi. Alikufa siku ya aina nyeusi.

Shangazi Suzanne, dada yake mkubwa, alifika kwa mtumbwi na pikipiki kutoka Ubwari. Alifunua shuka, akaona midomo, ulimi na vidole vyeusi. Kelele yake ilinyamazisha kwaya.

"Bamemupa sumu!" Akamgeukia mama. "Fanny, ulimupikia nini mudogo wangu?"

Muuguzi alikuwa ameandika kwamba ni moyo. Shangazi akasema karatasi haina macho. Akaamuru mama asikaribie jeneza wala asitupe udongo kaburini. Mjane akizuiwa hivyo mbele za watu, jina la muuaji halimtoki tena.

Nikaleta beseni la matunda meusi.

"Shangazi, ni haya tu. Onja."

"Unataka nimufuate?"

Mama alichota konzi moja, akala, akawatolea waombolezaji ulimi. Ulikuwa mweusi. Mchungaji Wilfried akaomba sala ndefu ya chakula, naye akala.

"Muonje na ya kwangu," Ndabaneze akasema. "Tusibague."

Punde watu wote msibani walikuwa wametoa ndimi nje, wakilinganisha.

"Ya milima inashinda! Angalia yangu!"

"We, ulimi yako ilikuwa nyeusi toka zamani, juu ya uongo!"

Mungu anisamehe, nilicheka, na baba amelala hatua tatu kutoka kwangu.

"Muniletee moja," shangazi akasema. "Ndogo."

Akala. Akala la pili. "Hii ya Ndabaneze iko na utamu," akanung'unika, kisha akaomba kioo. Alijitazama kwa muda mrefu. Alipoanza kulia upya, hakumtaja mtu.

"Wifi," akamwambia mama, "nimekosa. Kuya ukae hapa karibu naye."

Tulimzika saa tisa alasiri. Mchungaji alisoma zaburi. Willy na wanaume watatu walishusha jeneza kwa kamba. Mama alitupa udongo wa kwanza, shangazi wa pili, mimi wa tatu. Tuliimba ubeti mmoja, wanaume wakafukia kaburi kwa majembe, tukasimika msalaba wa mbao, tukanawa mikono, tukarudi nyumbani.