Kitambaa cha Mizani

Katika mji mzima wa Kasongo hapakuwa na mtu mdadisi kumshinda Régina, muuguzi wa kliniki ya watoto. Enzi hizo za Wabelgiji muuguzi mweusi alitakiwa ajibu akiulizwa, na asipoulizwa afunge mdomo. Régina, mzaliwa wa Kabambare, hakuumbwa hivyo. Alimuuliza mpishi kwa nini sombe lake la majani ya muhogo lina mchanga, akamuuliza padri kwa nini ndevu zake nyekundu na nywele zake nyeusi. Wagonjwa wakambandika jina, Mama Juu-ya-Nini, yaani Mama Kwa-Nini. Alijifanya kununa, lakini jina lilimkaa vizuri.

Kila Jumatano akina mama walileta watoto kwenye baraza la kliniki kupimwa uzito. Sahani ya mizani ilikuwa ya bati, na asubuhi ilikuwa baridi kweli kweli. Mtoto akilazwa uchi juu yake alipiga yowe, na wenzake waliokuwa wakingoja wakaitikia, hata mama na mama wasisikilizane. Mwisho wa yote kila mama alipewa kipande cha sabuni.

Katikati ya makelele hayo alikuwa akija Nuru, mke wa Faradji muuza nguo. Mtoto wake alikuwa amefariki kwa homa mwanzoni mwa kiangazi, lakini Jumatano hazikumpita. Alikaa mwisho wa benchi, mikono mitupu, mtandio umeshuka hadi kidevuni. Sabuni hakuchukua.

"Huyu iko na macho mubaya," Albertine, mmoja wa wale akina mama, alilalamika huku akimfunika mwanawe. "Anaangalia watoto yetu juu ya nini?"

Manung'uniko yakamfikia Mamère Odile, mtawa wa Kizungu aliyesimamia kliniki. Akaamua kuwa asiye na mtoto asikae tena pale, na Régina ndiye atakayempa Nuru habari hiyo. Moyo wa Régina ukawa mzito. Tena alikuwa na swali lililomkosesha raha. Kwao Kabambare mwanamke aliyefiwa huanguka chini, akapiga kelele, na ndugu zake wakamshika huku wakilia naye. Huyu hakutoa hata kikohozi. Alikuja kutafuta nini?

Jumatano iliyofuata Régina alikuja na wazo la kuwatuliza watoto. Alipasha moto kipande cha blanketi kando ya jiko la kuchemshia sindano, akakitandika kwenye sahani ya mizani. Mtoto wa kwanza akatulia. Wa pili akacheka. Mamère Odile akampigapiga Régina begani, naye Régina akavimba kichwa. Baraza zima likawa kimya.

Ndipo kikasikika kilio, tena cha mtu mzima. Vichwa vyote viligeuka. Nuru aliziba mdomo kwa mtandio, lakini alikuwa amechelewa. Akainuka, akatoka nje mbio.

Régina alimkuta penye ua wa kliniki.

"Nuru, ndugu yangu, ulikuwa unalia? Juu ya nini unakuja kulilia hapa?"

Nuru alipangusa uso kwanza. "Nyumbani mama-mukwe anakataza. Anasema machozi ya mama inamuchoma mutoto kule alipo. Nikilia, ananiambia namutesa." Akavuta pumzi. "Hapa watoto wanalia sana, Mama. Nalia katikati ya kilio yao, hakuna mutu anasikia. Leo mumewanyamazisha."

Régina alijionea haya. Wiki zote hizo alikuwa akiuliza benchi lina nini, kumbe Nuru alichotaka ni yale makelele, na yeye ndiye aliyeyazima. Amri ya kumfukuza ilikuwa bado mdomoni mwake. Akaimeza.

"Jumatano urudi," alisema. "Unasikia? Urudi."

Nuru akarudi. Safari hii Régina hakumwacha kwenye benchi. Alimwingiza katika chumba cha dawa kilichokuwa ubavuni mwa baraza, akampa kile kitambaa cha blanketi kilichopashwa moto ashike, akarudi kwenye mizani.

"Kitambaa iko wapi?" Mamère Odile aliuliza mbele ya watu wote.

"Nimemupa Nuru, Mamère. Iko ndani." Régina akaendelea. "Kwao wamemukataza kumulilia mutoto wake. Hapa ndipo analilia, watoto wakipiga kelele. Si macho mubaya."

Mtawa akautazama mlango wa chumba cha dawa. Hapakuwa bado na mtoto aliyelia, na humo ndani hamkusikika kitu.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Albertine. Alisimama, akamfungua mwanawe nguo polepole, akambusu kisogoni, akamlaza mwenyewe juu ya bati baridi. Mtoto akapiga yowe. Benchi zima likaitikia, na nyuma ya mlango Nuru akalia kwa sauti yake yote.