Shibiri Nane za Boti ya Vedasto

Kama kuna mtu Stockholm nzima anayeogopa sheria kuliko Waswidi wenyewe, ni Vedasto wa Vårby gård. Huyu ni fundi wa lifti, mzaliwa wa Bukoba, mrefu wa kuinama milangoni. Miaka ishirini na mitatu amekaa nchi hii, na hajawahi kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, hata alfajiri ambapo hakuna gari wala paka. Mkewe Winifrida husema siku ya kiama mumewe atachukua kwanza karatasi ya namba, kisha akae asubiri kuitwa.

Miaka sita alikaa kwenye foleni ya chama cha boti pale ziwani, chini ya majumba yao. Mwaka 2010 akapata nafasi ya kuegesha, ila ya majaribio. Mtihani wa mwisho ulikuwa kupandisha boti nchi kavu mwezi wa Oktoba, kabla ziwa halijaganda. Mwanachama mpya anapewa dakika kumi na tano za kreni. Akizidisha au akivunja kanuni, nafasi anapewa mwingine. Barua ilisema hivyo, na Vedasto aliibandika kwenye friji.

Basi bwana akajiandaa. Akakausha maji yote kwenye mashine, akatia dawa ya kuzuia kuganda, akang'oa betri na kuipeleka nyumbani, akanunua turubai. Kilichobaki ni kitanda, yaani ile fremu ya mbao ambayo boti hulazwa juu yake miezi yote ya baridi. Kazi hiyo alimpa Clovis, seremala wa Bukavu anayekaa Fittja. Alimpigia simu akiwa palepale ziwani, dakika mbili baada ya futi yake ya kupimia kumponyoka na kuzama.

"Kaka, hapana kuhangaika," Clovis akamwambia. "Pima na shibiri tu. Mi nimetengeneza vitanda mia tatu Bukavu na shibiri, na hakuna mtu alianguka."

Vedasto akapima upana wa tumbo la boti: shibiri nane kamili. Clovis akaandika nane. Wakakata simu, kila mmoja ameridhika na nafsi yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba kiganja cha Vedasto kinatosha kupakuliwa ugali wa watu wawili, na kwamba Clovis ni kijitu kifupi chenye vidole vya mshona shanga.

"Na siku yenyewe uje peke yako," Vedasto alikuwa amesisitiza. "Peke yako, Clovis! Watu wa pale ni wakimya."

Tuseme ukweli, aliwaonea haya watu wake. Jumapili, kwenye kwaya ya kanisa, aliwapenda sana. Ila kule ziwani alitaka kuwa mtu wa kofia ya sufu na sauti ya chini, asiyemsumbua yeyote.

Jumamosi ikafika, baridi ya kung'ata masikio. Katibu wa chama, mzee Torgny, alisimama na saa mkononi na karatasi zake kwapani. Nyuma ya Vedasto boti kumi na moja zilisubiri zamu. Kreni ikainua boti yake taratibu, maji yakichuruzika, na hapo magari matatu yakaingia yakipiga honi. La kwanza lilibeba Clovis na kitanda chake. Mengine mawili, mabasi madogo, yalibeba kwaya nzima, watu kumi na watano, wamevaa sare ya kitenge cha kijani na njano, kwa sababu adhuhuri walikuwa na harusi Hagsätra.

"Ati unapandisha boti peke yako kama yatima?" akafoka Mama Laurentine, kiongozi wa kwaya. "Mbona hukutuambia, ndugu yetu? Tungepika!"

Vedasto akatamani ardhi immeze. Kabla haijammeza, boti ikateremshwa kitandani, ikakaa juu juu kama bwana mnene kwenye kiti cha chekechea. Mwendesha kreni akaiinua tena upesi.

"Hii ni shibiri nane?" Vedasto akauliza.

"Nane! Hesabu mwenyewe."

Wakawekeana viganja. Vidole vya Clovis viliishia mbali kabisa chini ya vya mwenzake. Mama Laurentine akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Dakika ya saba," akasema Torgny.

Vedasto alihisi machozi. Miaka sita ya foleni, na sasa inakwenda kwa ajili ya vidole!

"Clovis, panua kitanda," akaamuru Mama Laurentine. "Na wewe wa kreni, shusha kidogo. Soprano kulia, tenor kushoto, besi nyuma kwenye uzito. Allez!"

Mwendesha kreni hakuelewa neno hata moja, lakini akashusha. Mabega yakaingia chini ya boti, mikanda ikalegea, na wimbo wa kumpokea bibi harusi ukaanza. Boti ikaondoka ikiyumba kwa mdundo, hatua mbili mbele, moja nyuma, kwa maana ndivyo wimbo ule unavyochezwa na hakuna aliyekubali kuuharibu. Wakaitua juu ya matairi makuukuu yaliyokuwa pembeni. Kreni ikawa huru dakika ya kumi na nne.

Torgny akaja polepole.

"Kanuni ya tisa," akasema. "Eneo la kreni ni la wanachama na familia zao tu. Hawa ni nani?"

Vedasto akawatazama. Besi walikuwa wakihema, kitenge cha Mama Laurentine kimechafuka ukoga wa ziwani, na Clovis alikuwa amepiga magoti kwenye tope akigongelea misumari kama mtu anayetubu. Haya ikamwingia, safari hii ya kujionea haya mwenyewe.

"Ni familia yangu."

"Wote kumi na sita?"

"Wote."

Torgny akafungua karatasi zake akaanza kuuliza majina, mmoja mmoja, kwa herufi. Alipomaliza akagonga muhuri: Vedasto amekubaliwa. Lakini familia hugawana kazi za chama, akaeleza, kwa hiyo kila mmoja wao amepangiwa zamu moja ya kulinda boti kiangazi kijacho.

Mama Laurentine akaisoma tarehe yake, akakunja uso.

"Mwambie huyo mzee, kulinda nitalinda. Ila mimi sikai mahali peke yangu. Nitakuja na watu wangu."

Torgny akauliza mama anasemaje. Vedasto akavuta pumzi, akatafsiri kwa Kiswidi, kwa sauti ambayo boti zote kumi na moja ziliisikia:

"Dada yangu anasema hamjatuona bado."