Mafuta ya Goti la Bwana Harusi

Juzi niliingia duka moja hapa Amu, Lamu kama waitavyo wengine, kumtafutia mkwe wangu jezi. Muuzaji, kijana wa bara, akaniuliza timu na saizi, akanifungia, basi. Nilitoka nimeudhika, sijui kwa nini. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka: miaka ile ya sitini, kumchagulia zawadi mwanamume mpenda mpira nusura kutuvunjie harusi.

Dada yangu alikuwa amechumbiwa na kijana ambaye hawakuwahi kusemezana naye. Lakini kila alasiri alimchungulia kwa dirisha la juu akicheza mpira pekupeku mchangani, nami nikilinda ngazi. Siri ile ilininyima raha. Mwari akijulikana anamchungulia mchumba, maneno huenea mtaani kabla ya magharibi, na posa ikavunjika.

Desturi yetu ilikuwa kumpelekea bwana harusi sinia ya zawadi, nayo hufunuliwa kwanza mbele ya wanawake wa mtaa. Bibi yetu alikwisha kuchagua: kanzu, kofia ya kushonwa kwa mkono, udi na marashi. Dada hakutulia. Alipanda ngazi, akashuka, akaunguza mikate, akagombana na paka.

"Kofia anazo," aliniambia. "Moyo wake u mpirani. Nataka ayue kuwa namuyua."

Na alimjua kweli: alikuwa amemwona akiumia goti. Akachemsha mafuta ya ufuta kwa karafuu na kitunguu saumu mpaka nyumba nzima ikanuka, akayatia chupani, akaisukumiza chini ya kanzu. Nilimsihi aitoe. Wapi!

Siku ya kufunua, chupa ikatokeza. Jirani yetu, mwanamke asiyepitwa na jambo, akaizibua, akanusa.

"Haya ni ya kukanda. Nani aliyewambia guu lamuuma?"

Nikalitazama pazia, dada yuko nyuma yake.

"Mimi," akasema Bibi. "Nimuwene ndiani, akichechemea."

Eti amemwona njiani, Bibi mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili! Mimi mjukuu wake alinitambua kwa sauti, na hapakuwa na mtu pale asiyelijua hilo. Jirani akaifunga chupa.

"Ni kweli, Bi. Hata mimi nimuwene. Guu la kulia."

Mwingine akadakia kwamba ni la kushoto. Wa tatu akaapa ni la kulia, alianguka karibu na goli, yeye mwenyewe alimwona. Wakabishana hadi kahawa ikapoa, nami nikaelewa kwamba dirishani hatukuwa peke yetu. Sinia ikaenda na chupa yake, na harusi ikawa.

Wanawake wale wote wametangulia mbele ya haki, na dada naye. Nawalilia kuliko nilivyodhani. Leo mwanangu akiteleza, mtaa mzima utampiga picha. Natafuta japo mmoja wa kumsitiri kwa uongo kama Bibi alivyomsitiri dada, simpati.